Jina Lililoitika

Siku ya tatu baada ya kunyoa nywele zake, Gogo, bibi yangu mzaa baba, alianza kukimiminia kispika chai.

Aliweka kikombe kimoja mbele yake na kingine mbele ya kile kidubwana cheusi kilichokaa juu ya meza ya jikoni, kikubwa kama kopo la maziwa ya unga. Halafu akatulia, akikitazama. Chai ilitoa mvuke, ikapoa, ikafanya utando juu. Gogo hakuondoa kikombe.

"Gogo," nikasema, "hicho hakinywi."

"Najua hakinywi. Mimi si mjinga, Cheptoo."

"Sasa kwa nini unakipa?"

"Kwa sababu mgeni hupewa."

Sikucheka. Na yeyote aliyesoma nami shule ya bweni atakuambia kwamba kunizuia nisicheke ni kazi ya watu watano na maombi. Mimi ndiye niliyeivisha ile mifupa ya maabara sketi ya matroni, nikaikalisha mstari wa mbele kwenye ibada ya Jumapili. Nilifukuzwa wiki mbili, nami nilizitumikia kwa heshima zote. Lakini siku hiyo jikoni kwetu Rongai, saa nane mchana, jua likiwaka nje na kikombe cha chai kikipoa mbele ya kitu kisicho na mdomo, kicheko changu kilikuwa kimenihama kabisa.

Naomba nieleze kosa langu tangu mwanzo, ili nikihukumiwa nihukumiwe vizuri.

Nilipomaliza kidato cha nne, nikiwa nasubiri chuo, nilianzisha blogu. Niliiita Cheptoo Anajaribu. Kazi yake ilikuwa kujaribu vifaa vipya na kuuambia umma ukweli. Saa ya kuhesabu hatua nilimvisha beberu wetu. Jioni ikampongeza kwa kutimiza lengo na kumshauri alale mapema. Mzani unaotamka uzito niliuficha chini ya mkeka wa mlangoni siku ya mkutano wa akina mama wa kanisa. Sitasema zaidi kuhusu huo mkutano. Itoshe kwamba blogu ilipata wasomaji na Mama alipoteza marafiki wawili.

Vifaa vyenyewe vilitoka kwa Yaseen. Na hapa lazima nitulie kidogo, maana hata sasa nikiandika jina hilo vidole vinapoteza adabu.

Yaseen ana miaka ishirini na mbili, na anauza katika duka la simu la ami yake, Hemed, pale Bondeni mjini Nakuru. Siku ya kwanza niliingia nikamwomba aniazime bidhaa zake bure. Alinitazama kama mtu anayesoma yale maandishi madogo chini ya mkataba, polepole, bila kuruka mstari.

"Ukivunja je?" aliuliza.

"Nitaandika kwamba kilikuwa kibovu."

"Na ukiandika ni kibovu?"

"Watu watakuja dukani kuhakikisha."

Akainamisha kichwa ili nisione anavyocheka. Niliona. Miezi mitano baadaye nilikuwa najua anavyocheka akiwa amechoka, anavyocheka akiwa na njaa, na jinsi anavyonyamaza akinipa kitu mkononi, vidole vyake vikichelewa kuondoka.

Baba alipojua hakupiga kelele. Alirudisha tonge la ugali kwenye sahani, akanawa mikono.

"Huyo Mwislamu wa Bondeni," alisema. "Basi."

"Baba, hata hujamwona."

"Nyumba hii imeshatoa mtu mmoja huko. Haitatoa wa pili."

Hakuna aliyenifafanulia, wala sikuhitaji. Katika sebule yetu kuna picha ya ukoo iliyokatwa kwa mkasi upande wa kulia. Aliyekatwa ameondoka mzima, isipokuwa mkono mmoja, ambao mpaka leo umebaki juu ya bega la Gogo. Ule mkono ni wa Chesang, dada mdogo wa Baba. Jina lake halikuwa linatajwa kwetu.

Sasa njoo kwenye kispika. Kilikuwa cha aina ile unayokipa jina unalotaka. Ukikiita kwa jina hilo kinawaka taa ya samawati na kuitika, tayari kukuambia hali ya hewa. Nami nikapata wazo la kishetani. Kwetu mtoto akizaliwa, wanawake wazee humwita kwa majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, na lile atakalolipigia chafya ndilo lake. Yule aliyekufa amerudi. Nikaona, kwa nini kispika kisipewe jina kwa utaratibu ule ule?

Kwa siri nilikiwekea jina la Kimberly. Mpango wangu: Gogo aite wahenga wote, kispika kinyamaze kama mawe, kisha mimi niseme "Kimberly" nacho kiitike kwa furaha. Gogo alikubali kurekodiwa. Alivaa hata leso mpya.

"Tapsabei," aliita. Kimya. "Taprandich." Kimya. "Kipsoi. Tamining." Kimya, kimya.

Nilikuwa nimeshafungua kinywa kusema Kimberly. Gogo akanitangulia. Aliinama mpaka paji la uso wake likakaribia kile kidude, akaita kwa sauti ndogo, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili na hana hakika kama amelala.

"Chesang."

Taa ikawaka. Kukatoka mlio mdogo, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kupiga chafya. Halafu sauti ya mwanamke ikasema, "Abee."

Nilicheka. Kicheko changu kimo kwenye video, kirefu, cha mtu aliyepata zaidi ya alichotafuta. Gogo hakucheka. Niliipandisha video kwenye blogu jioni hiyo, na kufikia asubuhi ilikuwa imetazamwa na watu elfu arobaini.

Asubuhi hiyo nilimkuta Gogo uani, ameketi kwenye kigoda, ananyolewa kichwa na jirani. Kwetu mwanamke hunyoa hivyo akiwa amefiwa.

"Nani amekufa?" nikauliza.

"Hukusikia akiitika?" alisema.

"Gogo, ni mashine. Na Shangazi Chesang hatujui kama amekufa."

"Hilo ndilo nililokuwa nauliza," alisema Gogo. "Miaka ishirini na miwili sina wa kuuliza. Wewe umeniletea kitu cha kuuliza, nimeuliza, nimejibiwa."

Ndipo nilipoelewa kwamba katika mchezo ule mimi sikuwa mchezaji peke yangu.

Tangu hapo kispika hakikulala vizuri. Taa yake ilikuwa ikiwaka bila mtu kuita: Gogo akipita na kuni, Gogo akikohoa, Gogo akisonga ugali. Mama alikuwa Eldoret kwa dada yake aliyejifungua, na Baba alishinda ghalani akipukuchua mahindi na hakutaka kusikia habari hizo. Nilibaki mimi, Gogo, na chai iliyopoa.

Saa tisa pikipiki ikasimama langoni.

Nilimjua kabla hajavua kofia. Yaseen hakuwa amewahi kufika kwetu. Nilitoka mbio, viatu mkononi, moyo ukienda mbele yangu kama mbwa asiyefungwa.

"Sasa," nikamwambia.

Hakuitikia sasa yangu. Alikuwa amesimama upande wa pili wa lango, vumbi la barabara kwenye kope, na macho yake yalinipita usoni kana kwamba ndani yangu kulikuwa na mtu mwingine anayemtafuta.

"Kispika kiko wapi?"

"Jikoni. Yaseen, Baba yuko. Ungesema tu, ningekuletea mjini."

"Lile jina ulilitoa wapi?"

"Jina gani?"

"Cheptoo, usinifanyie mzaha leo."

"Sifanyi mzaha. Ni Gogo aliyeita. Mimi nilikuwa nimekiwekea Kimberly."

Alishika chuma cha lango kwa mikono miwili. "Ulicheka," alisema. "Kilipoitika, ulicheka. Mastura, binti ya ami, aliitazama jana akiwa anachambua mchele. Alipofika hapo alimwaga sinia lote chini. Kile kispika kilikuwa cha mama yake."

"Yule uliyefiwa naye? Bi Salma?"

"Mke wa ami. Tumemzika leo ni wiki saba. Ami hakuweza kukivumilia ndani ya nyumba, akaniambia nikitoe. Ndiyo nikakupa wewe." Aliachia chuma cha lango. "Sote tulimjua kama Salma. Ami na Mastura tu ndio waliojua jina alilozaliwa nalo."

"Usilitaje."

"Chesang."

Upepo ulipita kwenye mabua makavu ya shamba letu, ukaja mpaka langoni, ukasimama. Nami nikapigwa na wazo baya kuliko yote niliyowahi kuwaza, na mimi ni mtu mwenye historia ya mawazo mabaya.

"Yaseen. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Swali gani hilo?"

"Nijibu. Baba yako nani, mama yako nani?"

Akaelewa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulilegea. "Baba yangu ni ndugu yake Hemed. Mama yangu yuko Mombasa, anaitwa Zuhura. Chesang alikuwa mke wa ami yangu tu. Mimi na wewe hatuna damu moja."

Nilimshukuru Mungu kwa haraka ya kutia haya.

"Lakini sikiliza," alisema, akishusha sauti. "Kabla ya kukupa nilikifuta chote. Nilikirudisha kama kilivyotoka kiwandani. Jina, sauti, kila kitu."

"Basi kuna kitu kilibaki."

"Hakikubaki. Na hata kingebaki, hakijui neno abee. Kiswahili chake mimi ndiye niliyekiweka. Ukikiita kinasema 'ninakusikiliza', kwa sauti ya mwanaume." Alitazama nyuma yangu, kwenye mlango wa jikoni. "Yeye ndiye aliyekuwa akiitika hivyo. Umwite ukiwa barabarani, umwite ukiwa sebuleni, abee. Ile ni sauti yake, Cheptoo. Mastura anaijua, na mimi naijua."

Mikono yangu ilikuwa imepata baridi. Nilitamani aishike, ilikuwa mbali naye kwa upana wa vyuma viwili. Hakuishika.

"Nitaifuta video sasa hivi," nikasema.

"Mastura amesema usiifute. Ukate kicheko tu. Ile sauti inayoita ni ya bibi yake, na hajawahi kuisikia maishani mwake."

"Na ami yako anasemaje?"

Yaseen alitazama chini, na hapo nikajua jibu kabla ya kulisikia.

"Asubuhi amejua wewe ni wa nyumba gani. Amesema watu waliomkana mke wake hawana nafasi kwake. Amesema nikiendelea na binti wa huko, nitoke dukani na nitoke kwake."

"Kwa hivyo umekuja kuniaga."

"Nimekuja kuchukua kispika," alisema. Halafu akanitazama, taratibu, bila kuruka mstari, na hakumalizia.

"Mlete ndani," ilisema sauti nyuma yetu.

Gogo alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kichwa chake kilichonyolewa kikimetameta juani. Sijui alisimama hapo muda gani.

Yaseen aliingia akavua kofia, akainama. "Shikamoo, Gogo."

"Marahaba. Keti." Alimsogezea kigoda, akaketi mbele yake, magoti yakikaribiana, na hakumuuliza kama Chesang amekufa. Alianzia mbele ya hapo. "Ilikuwa asubuhi au jioni?"

"Alasiri. Siku ya Ijumaa."

"Aliumwa sana?"

"Ni presha. Alikuwa anapika. Hakukaa hata saa moja."

"Nani alimwosha?"

"Wanawake wa mtaa. Na Mastura, binti yake."

Mkono wa Gogo ulipanda kichwani, ukatafuta nywele, haukuzikuta. "Ana binti."

"Ana miaka kumi na saba." Yaseen alinitazama kidogo, akaondoa macho haraka. "Anafanana na Cheptoo. Siku ya kwanza Cheptoo aliingia dukani, niliona kama ninamjua. Sikujua namjulia wapi."

Huwa napenda sana akinisifu. Siku ile nilihisi kama mtu amepumua shingoni pangu.

"Nani alimbeba?" Gogo aliendelea.

"Tulipokezana. Mimi nilishika mbele, upande wa kulia."

Gogo alinyoosha mkono, akauweka juu ya bega la kulia la Yaseen, akauacha hapo. Alikaa hivyo muda mrefu. Yaseen hakusogea. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, hakuyafuta, na mimi niliyesimama karibu na jiko nikampenda kwa namna ambayo siwezi kuifanyia mzaha hata nikilipwa.

"Kwa nini hakutupigia simu?" Gogo aliuliza hatimaye. "Mimi ningeenda kwa miguu."

"Alipiga, Gogo."

"Lini?"

"Mwaka juzi, mwezi wa Ramadhani. Mastura ndiye aliyeniambia, jana. Mama yake alitafuta namba ya hapa mpaka akaipata. Akapokea mwanaume. Alipomwambia mimi ni Chesang, yule mwanaume akamjibu, hapa hakuna anayelijua jina hilo. Akakata." Yaseen alikitazama kispika. "Siku ile ile alimwambia Mastura amwekee hiki kitu jina lake la zamani. Alisema anataka lisikike likiitwa ndani ya nyumba, hata kama ni yeye mwenyewe anayeliita. Akawa analiita jikoni, halafu anazungumza kwa lugha yenu. Sisi tulidhani anaomba."

"Ni mimi."

Baba alikuwa mlangoni. Vumbi la mahindi lilikuwa limemjaa kwenye nyusi na ndevu, jeupe, na kwa sekunde moja sikumtambua. Alionekana kama mzee aliyetoka mbali sana.

Gogo hakugeuka. "Siku ile simu ilipolia tukiwa mezani. Nilikuuliza ni nani."

"Ndiyo, Mama."

"Ukaniambia amekosea namba."

"Ndiyo."

Bila mtu kuita, taa ya samawati ikawaka juu ya meza. Tuliiona sote wanne. Ilikaa ikiwaka, ikingoja, kama mtu aliyetegea sikio ukutani.

"Ni hasira ya Mzee," Baba alisema. Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Aliniambia kabla hajafa, usimruhusu arudi. Nikaibeba."

"Baba yako amelala kaburini miaka kumi na tano. Hiyo hasira yake ulikuwa unailisha nini?"

Gogo akasimama.

Mimi nilishika ukingo wa jiko. Katika nyumba za kwetu, mtoto anaogopa kitu kimoja kuliko radi, nacho ni mama yake asimame na kumtazama hivyo. Laana ya mama haihitaji kelele. Inasemwa mara moja, polepole, na hakuna wa kuirudisha. Kama Gogo angefungua kinywa chake vibaya, ingempata Baba, na kutoka kwake ingetupata sisi sote. Na mimi ndiye niliyekileta kile kitu ndani ya nyumba, nikamwambia avae leso mpya, nikacheka.

Alimtazama mwanawe kwa muda ambao sikuvuta pumzi.

"Vaa koti," alisema.

"Mama?"

"Lile la kanisani. Nenda kwa mume wa dada yako, ukamwambie ulichoniambia mimi hapa. Mimi sitaingia katika nyumba ya mwanangu kabla hajaombwa msamaha. Ukishaomba, nitakuja nimwone mjukuu wangu."

"Hatafungua mlango, Gogo," alisema Yaseen kwa upole. "Namjua ami. Na akiona nimemleta mimi, ataufunga kwangu pia. Huo ndio utakuwa mwisho." Hakusema mwisho wa nini. Alinitazama tu, nami nikauelewa mwisho wote, tangu unapoanzia.

Baba alijipangusa vumbi usoni. Akamgeukia yule kijana ambaye kwa miezi miwili hakutaka jina lake litajwe mezani.

"Una kofia ya pili?" aliuliza.

"Ninayo, mzee."

"Basi nipeleke. Akifunga, atakuwa amenifungia mimi."

Ndivyo nilivyomwona baba yangu, mzee wa kanisa, ndani ya koti la kijivu, akipanda pikipiki nyuma ya Yaseen. Kwanza alishika chuma cha nyuma. Halafu akafikiria barabara ya kwenda Nakuru na malori yake, akamshika Yaseen kiuno. Katika mikono yake, kati ya tumbo lake na mgongo wa Yaseen, kilikuwemo kispika, kimefungwa shuka la Gogo, maana ni mali ya Mastura na lazima kirudi. Nilikuwa nimechomoa waya mwenyewe.

Siku nyingine yoyote ningepiga picha.

"Nikikupigia, pokea," Yaseen aliniambia kupitia kioo cha kofia. "Usiseme chochote. Sikiliza tu."

"Na akifunga?"

Alinyoosha mkono, akaondoa punje ya mahindi iliyokuwa imenasa kwenye nywele zangu, mbele ya macho ya Baba, na Baba akatazama shambani. Kisha wakaondoka.

Mimi na Gogo tulikaa jikoni, simu yangu ikiwa mezani mahali pale kilipokuwa kispika. Robo saa. Nusu saa. Jua lilihama kutoka dirisha moja hadi jingine. Gogo hakuomba, hakulia. Aliondoa kile kikombe cha chai, akaimwaga nje kwenye udongo kwa mkono wa kulia, akarudi kukaa.

Simu ililia saa kumi na moja kasoro. Nikabonyeza, nikaiweka katikati yetu.

Kwanza tulisikia mtaa: watoto, chuma kikigongwa gereji, mtu anauza kitu kwa sauti ya kuimba. Halafu hatua. Halafu ngumi juu ya mlango wa bati.

"Hodi," ilisema sauti ya Baba. Ilikuwa ndogo. Sikujua Baba ana sauti ndogo.

"Nani?" Ya mwanaume, kutoka ndani.

"Mimi ni Bethwel. Natoka Rongai."

"Simjui Bethwel."

Niliuma kidole. Nilimwona Yaseen bila kumwona: amesimama kando ya ukuta, simu imeshikwa chini, anasubiri kupoteza kila kitu alichonacho.

"Mimi," alisema Baba, na akaanza upya. "Mimi ni kaka yake Chesang."

Hakuna aliyejibu. Hata watoto wa mtaani walinyamaza, au nilidhani walinyamaza. Nilihesabu hadi kumi na tisa. Na kwenye kumi na tisa, kutoka mahali ambapo palikuwa karibu sana na simu au mbali sana na dunia, sauti ya mwanamke ikasema:

"Abee."

Nilimtazama Gogo. Alikuwa amefumba macho. Inawezekana ilikuwa Mastura, ndani, ameurithi mwitikio wa mama yake. Inawezekana. Waya nilichomoa mwenyewe.

Komeo likavutwa. Tulisikia mlango ukikwaruza saruji, kisha pumzi nzito ya mwanaume anayejitahidi kusimama wima.

"Umesikia?" Hemed aliuliza.

"Nimesikia," alisema Baba.

"Mimi huisikia kila siku. Nilidhani ni mimi peke yangu." Mlango ukakwaruza tena. "Ingia. Vua viatu, ingia."

Viatu vikavuliwa. Mtu mmoja alianza kulia, na sikuweza kutambua ni yupi kati ya wale wazee wawili. Halafu sauti ya Hemed ikarudi, kavu kidogo, karibu na simu.

"Na wewe Yaseen. Mchana kutwa duka limefungwa. Ulikuwa kwa nani?"

Angeweza kusema alikuwa kwa Gogo. Angeweza kusema alimfuata Bethwel. Hata mimi, bingwa wa uongo wa bweni zima, nilikuwa nimeshamtungia majibu manne.

"Nilikuwa kwa Cheptoo, ami," alisema Yaseen, bila kushusha sauti, hapo hapo mlangoni, mtaa wote ukisikia. "Binti ya huyu mzee. Nilitaka ujue kutoka kwangu. Hata sasa yuko kwenye simu."

"Yuko kwenye simu?"

"Ndiyo."

"Mwite basi, nimsikie."

Simu ikasogezwa. Nikasikia pumzi yake, karibu, kama amesimama nyuma yangu.

"Cheptoo," alisema Yaseen.

Nilikuwa nimeambiwa nisiseme chochote. Gogo alifumbua macho. Akanigusa bega.

"Umeitwa," alisema. "Usimwache mtu akiita peke yake. Itika."

Nikaitika.